Mchanga, Mwani na Majani: Wiki Moja Chini ya Maji ya Kina Kifupi, Kusini Mashariki ya Unguja

Jumamosi, Jambiani

Nimefika Jambiani alasiri kwa daladala kutoka mjini, mwendo wa takriban kilomita 50, nikiwa na mkoba wa nguo na mwingine wa kamera. Nia ya safari niliiweka wazi tangu nilipokuwa nikiipanga: sitapiga picha ya pomboo, wala ya papa, wala ya matumbawe ya Mnemba ambako wageni wengi hupelekwa. Nitapiga picha za mahali ambapo watembeza wageni hupita bila kuzima mashine, wakisema kwamba hapo hakuna kitu, pana mchanga na majani tu.

Ukanda wa bahari kuanzia hapa hadi Ghuba ya Chwaka una mengi ya namna hiyo. Mwamba unaozuia mawimbi makubwa uko mbali na ufukwe, na kati yake na nchi kavu umetandaa uwanda mpana wa maji ya kina kifupi. Ukisimama ufukweni maji yakiwa yamejaa, uwanda huo huonekana kwa rangi zake tu: cheupe penye mchanga, kijani kilichoiva penye majani, hudhurungi penye mawe. Nimekuwa nikiziona rangi hizo kwa miaka mingi nikidhani kwamba kuziona kutoka juu kunatosha, na wiki hii nataka kuzitazama kutoka ndani.

Vifaa vyangu ni vichache. Nina kamera moja ndani ya kasha lisiloingiza maji, lenzi pana, miwani ya kupigia mbizi, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni. Flashi nimeiacha nyumbani makusudi. Maji hunyonya mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine, na ndiyo sababu mpiga picha anayeshuka mita 10 au 20 huhitaji taa yake mwenyewe ili arudishe wekundu uliopotea. Katika kina cha mita 1 au 2 jua bado linafika na rangi zake karibu zote. Isitoshe, uwanda huu una chembe nyingi zinazoelea, na flashi inayomulika kutoka karibu na lenzi huzigeuza chembe hizo kuwa madoa meupe yanayojaa kwenye picha.

Usiku huu ni wa kuamkia mwezi mpevu. Tumo mwanzoni mwa Machi, kaskazi inaelekea ukingoni, na bamvua (kujaa na kupwa kukubwa kwa maji) za mwezi huu huwa kubwa kwa sababu jua linakaribia kuwa juu ya Ikweta. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika Unguja hufikia takriban mita 4, na kwa hiyo ratiba yangu yote itaamriwa na mwezi.

Jumapili, mashamba ya mwani

Maji yalipwa kabisa mnamo saa tatu na nusu asubuhi, na nilipotoka ufukweni wakulima wa mwani walikuwa wameshatangulia zamani. Wengi wao ni wanawake. Kilimo hiki kilianza kama biashara hapa Jambiani na katika kijiji jirani cha Paje mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na tangu wakati huo uwanda huu umepangwa kwa mistari ya vijiti na kamba ambayo mtu anaweza kuifuata kwa miguu mpaka karibu na mwamba.

Nilimkuta mama mmoja mtu mzima ameketi ndani ya maji yaliyomfikia kiunoni, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, yaani vikamba vyembamba vya kufungia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Waja kupiga picha gani huku? Huku pana mwani tu.”

“Mwani huo huo ndio nilioufuata, bibi.”

Aliitazama kamera kwa muda, kisha akaniruhusu kwa sharti kwamba nisimpige uso. Mikono na kazi yake nipige nitakavyo. Sharti hilo lilinifaa kuliko alivyojua. Nililala kifudifudi katika maji yasiyofika goti, nikaweka lenzi karibu na kamba, nikavisubiri vidole vyake vipite. Katika kioo cha kamera vilionekana vidole viwili vikiushika mwani, taitai ikizungushwa, fundo likikazwa, na vumbi jepesi la mchanga likipanda kila kamba ilipotikisika. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila maji yaliyong'aa. Nadhani picha za kazi zinapendeza zaidi zinapoacha nafasi tupu namna hiyo, kwa sababu jicho halina mahali pengine pa kukimbilia.

Sehemu iliyonishika zaidi ilikuja baadaye, maji yalipoanza kurudi. Mwani ulio nje ya maji huanguka na kulala; haushawishi mtu kuutazama mara ya pili. Maji yakipanda, kila fungu husimama, hujitawanya, na kuanza kuyumba kwa kufuata mkondo, na mistari ambayo ilikuwa kamba zilizolegea hugeuka kuwa safu za vichaka vinavyoning'inia kati ya mchanga na uso wa maji. Nilishuka chini ya kamba na kupiga kuelekea juu, jua likiwa nyuma ya mwani. Mwani una mwili unaopitisha mwanga, na ukiangazwa kutoka nyuma rangi yake ya hudhurungi hufunguka na kuonyesha manjano, kijani cha zeituni na zambarau ya mbali kwenye ncha. Kupiga kutoka juu, kama nilivyokuwa nimezoea kuona katika picha za mashamba haya, hakuonyeshi hata rangi moja kati ya hizo.

Ndani ya safu hizo nilikuta visamaki vya tasi, vidogo kuliko kiganja, vikitafuna ncha za mwani. Nilipomweleza bibi yule aliguna. Kwake yeye tasi ni hasara, na ana hasara nyingine kubwa zaidi. Mwani mnene, ambao bei yake ni nzuri kuliko ya mwani mwembamba, hauvumilii maji ya moto, na sehemu nyingi za uwanda huu zimekuwa za moto mno kwake. Wakulima wanaoutaka inawapasa kutafuta maji ya kina zaidi, ambako kazi inahitaji chombo na kujua kuogelea. Nimeyaandika hapa kwa sababu picha ya mwani unaong'aa, ikisimama peke yake, inaweza kumfanya mtazamaji adhani kwamba yote ni mema.

Jumatatu, juu ya mchanga mtupu

Leo nimeutazama mchanga, na nitaandika zaidi kuliko siku nyingine, kwa kuwa ndiyo siku niliyoingoja.

Katika latitudo ya Unguja jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mara moja mwanzoni mwa Machi na mara nyingine mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizi, mnamo saa sita na nusu mchana, mtu aliyesimama hana kivuli isipokuwa kile kilicho chini ya miguu yake. Wapiga picha wa nchi kavu huukimbia mwanga wa namna hii kwa sababu unazifanya nyuso kuwa na mashimo meusi machoni. Chini ya maji mambo ni mengine. Jua lililo upande hupoteza sehemu kubwa ya mwanga wake kwa kuakisiwa na uso wa bahari, lakini jua lililo wima huingia moja kwa moja, na linapoingia hukutana na viwimbi. Kila kiwimbi hufanya kazi ya lenzi: mgongo wake hukusanya miale, bonde lake huitawanya, na miale iliyokusanywa huangukia mchangani ikiwa mistari myeupe iliyoungana na kuachana, wavu wa mwanga unaokokotwa juu ya sakafu ya bahari bila kukamata kitu.

Maji yalikuwa yamepwa saa nne na kidogo, kwa hiyo jua lilipofika juu kabisa maji yalikuwa yamekwisha kurudi na kunifika kifuani, tena yakiwa mapya, yameingia kutoka nje ya mwamba. Nilichagua mahali penye mchanga mtupu kabisa, mbali na majani, mbali na mawe. Nilielea bila kupiga mapezi, kwa sababu pezi moja likigusa mchanga hutia ukungu unaokaa kwa dakika nyingi.

Mistari hiyo ya mwanga hukimbia upesi kuliko macho yanavyokiri. Kwa kasi ya shata ya sehemu 1 kwa 125 ya sekunde inatoka imefifia kingo, na ilinibidi kupanda hadi 1 kwa 500 ndipo ikasimama kwa ukali wake wote. Kina nacho kina neno. Karibu sana na uso mistari ni minene na haijajikusanya. Ukishuka kidogo inakuwa myembamba na mikali. Ukizidi kushuka inaanza kupishana na kufifia. Leo, kwa viwimbi vidogo vya upepo mwepesi, ukali wake ulikuwa mzuri zaidi kwenye kina cha mita moja na nusu hivi. Upepo ulipoongezeka kidogo, viwimbi vikawa vikubwa na wavu ukafumwa upya kwa macho mapana zaidi. Kwa saa nzima nilipiga mahali pale pale, mraba wa mchanga usiozidi mkeka mmoja, na hakuna picha mbili zilizofanana.

Mchanga wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Ni mweupe kwa sababu ni mabaki ya viumbe: matumbawe yaliyosagika, magamba ya kome na konokono, na vipande vya mwani wenye chokaa ambao ukifa huacha visahani vidogo vyeupe. Ukiweka lenzi sentimita chache juu yake, unaona kwamba weupe huo umechanganyika na waridi, machungwa na kijivu. Nilichukua konzi moja ya mchanga huo na kuitumia kuifundisha kamera weupe ni upi, jambo ambalo kwa kina kifupi linatosha kabisa kuondoa ubuluu uliozidi.

Kisha uwanda uliodhaniwa mtupu ukaanza kuonyesha wenyeji wake. Jongoo bahari mmoja alikuwa akienda polepole, akila mchanga upande mmoja na kuutoa upande mwingine umesafishwa, na njia yake ilikuwa imepambwa kwa vikunjo vidogo vya mchanga alivyoviacha. Kwenye tundu moja nilikuta ushirika ambao nilikuwa nikiusoma tu: kisamaki kidogo kimesimama mlangoni, na kamba mdogo akitoka na kuingia akisukuma mchanga nje. Kamba huyo haoni vizuri, kwa hiyo kila atokapo huweka papasi lake juu ya mwili wa kisamaki. Kisamaki kikiona hatari hutikisa mkia, naye kamba hurudi ndani mara moja. Kila mara niliposogea mkono mmoja mbele, mkia ulitikiswa na wote wawili wakatoweka. Nikabaki nimelala palepale, nikipumua polepole kwa mrija, mpaka wakanizoea. Picha niliyoipata ni ya mchanga mtupu kwa sehemu kubwa, na katika pembe yake ya chini kuna kisamaki kilichonyoosha shingo na papasi jembamba limelala mgongoni mwake.

Kijana mmoja aliyekuwa akipita na mtumbwi aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia mchanga. Alisimamisha pondo lake, akatazama chini kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba asubuhi sana, mahali hapo hapo, huona samaki taa amejifukia na kuacha macho tu nje. Nimeliweka moyoni.

Jumanne, siku ya mawingu

Upepo umevuma usiku kucha na mawingu yamefunika anga. Maji ya uwandani yamekuwa ya maziwa kwa mchanga uliochafuliwa, na hakuna picha ya maana iliyopatikana.

Nimetumia siku kupitia picha za juzi na jana, na kumfikiria Anna Atkins, Mwingereza ambaye mwaka 1843 alianza kutoa picha za mwani kwa kuulaza juu ya karatasi yenye dawa na kuiweka juani, mpaka umbo la mwani likabaki jeupe katikati ya rangi ya buluu. Mkusanyiko wake huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha za mwanga. Hakuwa na kamera, wala hakuteremka baharini. Miaka 50 baadaye, mwaka 1893, Louis Boutan, mwanabiolojia wa Ufaransa, alishuka na kamera nzito iliyofungiwa ndani ya kasha katika maji ya Banyuls-sur-Mer na kupiga picha chini ya maji. Ninachokipenda katika mwanzo huo ni kwamba mwani ulipata heshima ya kupigwa picha kabla ya pomboo.

Jumatano, Michamvi

Nimehama asubuhi kwenda Michamvi, kwenye rasi inayoikinga Ghuba ya Chwaka kwa upande wa mashariki. Upande wa Kae, unaotazama ndani ya ghuba, kuna mikoko inayoota ndani ya maji, na maji yake leo yalikuwa yametulia ingawa upande wa nje bado kulikuwa na mawimbi. Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kutazama kitu ambacho bahari yenye viwimbi hukificha: uso wa maji kutoka chini.

Maji yanapotulia, mtu aliyelala chali chini yake haioni anga kila mahali. Anga yote, kuanzia upeo mmoja hadi mwingine, hukusanywa ndani ya duara moja juu ya kichwa chake, duara lenye upana wa takriban nyuzi 97. Nje ya duara hilo uso wa maji hugeuka kuwa kioo na kuakisi kilicho chini. Niliingia saa tisa alasiri, maji yakijaa, nikajilaza kati ya mizizi ya mikoko kwa pumzi moja, nikapiga kuelekea juu. Ndani ya duara kulikuwa na matawi ya mikoko yaliyojipinda kuelekea katikati, na mawingu, na ndege mmoja. Nje ya duara, mizizi ilikuwa imerudufishwa, ikishuka kutoka kwenye uso wa maji kukutana na mizizi inayopanda. Kwa mpiga picha hiyo ni mandhari kamili iliyotengenezwa na maji matulivu na sheria moja ya mwanga, bila samaki hata mmoja.

Samaki walikuwapo hata hivyo. Vifaranga vya changu vilijikusanya penye kivuli cha mizizi, vyote vimeelekeza vichwa upande unaotoka mkondo. Mchangani, kwenye sehemu iliyo wazi zaidi, walikuwapo konyeza wa aina inayolala chali, kofia chini na mikono juu. Wanalala hivyo kwa sababu ndani ya mikono yao wamehifadhi mwani mdogo mno unaotengeneza chakula kwa jua, na mwani huo unahitaji kuangazwa. Wengi huwaona kuwa matope yanayopumua, na mimi nawaona kuwa miongoni mwa viumbe wenye umbo zuri kuliko wote niliowakuta wiki hii. Kingo za kofia zao hupiga taratibu, na mikono yao ina mapindo ya kijivu, buluu na kijani yaliyo madogo kiasi kwamba kamera ilihitaji kukaribia mpaka karibu kugusa. Sikugusa, wanawasha.

Kukaribia huko ndiyo kanuni ninayoishika kuliko zote. Wekundu haupotei kwa kina peke yake, hupotea kwa urefu wa njia yote ambayo mwanga unapita ndani ya maji. Kitu kilicho kwenye kina cha mita 1 lakini umbali wa mita 5 kutoka kwenye lenzi kimekwisha kupoteza rangi, na chembe zote zilizo katikati zimekiwekea pazia. Anayetaka picha safi hana budi kuyapunguza maji yaliyo kati yake na anachokipiga.

Alhamisi, Ghuba ya Chwaka

Nahodha wa ngalawa alinichukua kutoka Michamvi asubuhi, maji yakitoka. Alikuwa na madema ya kuyaweka majini, nami nilikubaliana naye kwamba nitamlipa nauli na kushuka popote atakaposimama kufanya kazi. Njiani alinionyesha mahali pa matumbawe mazuri, na nilipomwomba aendelee mpaka kwenye majani alinitazama na kusema, “Kaka, huko utaona kijani tu.” Nikamjibu kwamba kijani ndicho nilichokikosa wiki nzima.

Majani ya bahari si mwani. Ni mimea kamili yenye mizizi, shina, maua na mbegu, ambayo maisha yake yote huishi ndani ya maji ya chumvi. Katika Ghuba ya Chwaka hupatikana aina kadhaa, na ukielea juu yake unaweza kuzitofautisha kwa macho: majani madogo ya mviringo yaliyotawanyika mchangani, majani membamba ya duara yanayosimama wima, vichaka vyenye vishina vigumu na majani yaliyojikusanya kileleni, na yale marefu bapa ambayo jani moja linaweza kuzidi mita 1. Kila aina inaupokea mwanga kwa namna yake na inayumba kwa mwendo wake, kwa hiyo mkondo mmoja ukipita juu ya malisho hayo unaweza kuona mahali ambapo aina moja imekoma na nyingine imeanza.

Kadiri mchana ulivyokaribia, majani yalianza kutoa hewa. Vipovu vidogo vya oksijeni vilijipanga kwenye kingo za majani, kisha kimoja kimoja kikajikwanyua na kupanda. Nilipiga picha hizo nikiwa chini kabisa, shavu karibu na mchanga, ili majani yasimame mbele ya maji yaliyo wazi. Mahali penye majani marefu bapa niliona uso wa maji umetapakaa vichembe vyeupe vinavyoelea, na nahodha akadhani ni povu. Vilikuwa maua ya dume. Mmea huo huachia maua yake madogo wakati wa bamvua, yakapanda juu na kuelea, na maji yakipwa ua la jike linaufikia uso na kuyapokea. Kila kichembe kinajitegemea juu ya maji bila kulowa, na upepo mdogo unavisukuma vyote upande mmoja. Nilitumia muda mwingi wa saa ya maji kupwa nikijaribu kuvipiga kutoka chini, ambako kila kichembe kinaukandamiza uso wa maji na kuacha kivuli chenye ukingo wa mwanga juu ya jani lililo chini yake. Sijawahi kupiga picha iliyonipendeza kuliko hizo.

Katikati ya majani kulikuwa na viti vya pweza, wanyama wenye umbo la nyota, vyenye vinundu vyekundu. Nimeona picha nyingi za watu wamewainua juu ya maji na kuwashika usoni. Wanyama hao hupumua kwa viungo laini vilivyo juu ya ngozi yao, na kuwatoa majini ni kuwanyima pumzi. Mmoja wao alikuwa akipanda juu ya jani, na jani limeinama kwa uzito wake. Pale pale alipokuwa alikuwa na uzuri ambao kiganja cha mtu hakiwezi kumwongezea.

Nahodha aliteremsha madema yake kwa mkono, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na chambo cha mwani. Nilimfuata chini ya maji na kupiga dema likitua juu ya majani, fito zake zikigawanya mwanga katika pembe sita sita. Alipomaliza aliniomba nimwonyeshe picha, na aliitazama ya dema kwa muda mrefu. Alisema amefanya kazi hiyo tangu utotoni na hajawahi kuliona dema lake linavyokaa.

Ijumaa, dikoni Chwaka

Leo wavuvi wengi hawakutoka kwa sababu ya sala ya Ijumaa, na baada ya sala walikaa dikoni, mahali vyombo vinapofikia, chini ya kivuli wakitengeneza nyavu. Nahodha alikwisha kuwaeleza habari zangu, kwa hiyo nilipofika niliombwa kamera kabla sijakaa.

Waliipitisha mkono kwa mkono. Picha za konyeza na za duara la anga walizipita haraka. Za mwani walizisimamia kidogo. Walipofika kwenye picha moja ya majani, ambayo mimi niliipiga kwa ajili ya majani peke yake, mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni aliomba aikuze. Nikamkuzia. Akaweka kucha juu ya kioo na kusema, “Huyu hapa pono.” Nilitazama nisione kitu, mpaka alipofuata kwa kucha mstari wa mgongo, na samaki akatokea, wa kijani yenye mabaka kama yale ya majani yaliyomzunguka. Kijana aliyekuwa karibu naye akasema wapo wawili, na wa pili si pono, ni tasi, kwa sababu tasi akiogopa hujigeuza mabaka namna hiyo na kutulia. Mzee akakataa, akasema tasi hakai kichwa chini penye majani marefu kama hayo. Wakaanza kubishana, na wengine wakaacha nyavu na kusogea.

Nilitoa daftari na kuandika kila walichosema kuhusu picha ile: majina ya samaki, aina ya majani, na kwa maoni yao maji yalikuwa yamefikia wapi saa ile, kwa kutazama jinsi majani yalivyolala. Nahodha alipoulizwa ni mahali gani alitaja jina la sehemu hiyo, na mzee akasema basi ni pono wote wawili, kwa kuwa hapo yeye hajatoa tasi mkubwa tangu kusi iliyopita. Kijana hakukubali. Wamenitaka nirudi na picha hiyo ikiwa imechapishwa kubwa, ya karatasi, ili jambo lenyewe liamuliwe.